Jiko la moshi la pipa: kwa nini nyama ilitoka chungu

"Shikamoo mwalimu. Naishi Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nina mbuzi wachache, na siku nyingi nimetamani kubanika nyama kwa moshi, ile laini inayoachia mfupa, kwanza kwa familia, baadaye nione kama naweza kuuza. Fundi wa jirani alinipatia pipa la lita 200 lililokuwa la oili chafu gereji, akalikata mlango, akaweka wavu wa mabati. Jumapili iliyopita niliweka mguu wa mbuzi na kuni mbichi za mgunga nilizoziloweka usiku kucha, nikaziba kila tundu ili moshi usitoroke. Baada ya saa nne nyama ilikuwa nyeusi, chungu, imekauka nje, na karibu na mfupa bado ina damu. Watoto walisema ulimi unakufa ganzi. Kosa ni moto mdogo? Niongeze moshi? Na ni kweli nyama ikishapata moshi inakaa wiki nzima bila friji?"

Marahaba, dada. Nianze na watoto. Ganzi ile ya ulimi huletwa na utomvu mweusi wa moshi mchafu, na kwa mlo mmoja kwa kawaida hupita yenyewe. Lakini kwa kuwa nyama ilikuwa na damu ndani, na pipa lilikuwa la oili, ukiona yeyote kati yao anatapika, anaharisha au ana homa, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya, ueleze alikula nini na kilipikwa ndani ya nini.

Hilo pipa usilipikie tena. Najua limekugharimu, na najua fundi alilisugua likang'aa. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini hubeba chembe za metali na masalia ya kemikali, na hujificha kwenye mshono wa ubavuni na kwenye ukingo wa kitako, mahali ambapo brashi haifiki. Sabuni inaondoa kinachoonekana. Joto la saa nne linafukua kilichobaki na kukipeleka juu, na juu ndiko iliko nyama. Lifanye pipa la taka. Usiliwekee hata maji ya mifugo.

Wavu wa mabati nao utoe. Rangi ile ya fedha ni zinki iliyopakwa juu ya chuma kuzuia kutu. Chumvi, ndimu na majimaji ya nyama huila zinki hiyo taratibu ikaingia kwenye chakula, na pale mafuta yanapodondoka yakashika moto, joto linapanda kuliko zinki inavyoweza kustahimili. Tumia wavu wa chuma cheusi kisichopakwa kitu, au chuma cha pua kama mfuko unaruhusu. Nondo za milimita 8 zilizopangwa na kuchomelewa kwenye duara zinafanya kazi hiyo vizuri sana. Ukishazisugua na kuzipaka mafuta ya kula, hazitashika kutu haraka.

Kuna jambo la fundi pia, na hili nalisema kwa uzito. Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli, tina ya kuchanganyia rangi au oili linaweza kulipuka likikatwa kwa grinda au kuchomelewa, hata kama limekaa tupu miezi mingi, kwa sababu mvuke unaobaki ndani unahitaji cheche moja tu. Pipa ambalo hujui lilibeba nini, fundi asiliguse.

Tuje kwenye moto, maana hapo ndipo lilipo swali lako hasa. Hukuwa na moshi mdogo, dada. Ulikuwa na moshi mwingi mno na hewa kidogo mno. Watu wengi wanaoanza hukosea hapo hapo, kwa sababu jina "jiko la moshi" linatufanya tuamini kwamba moshi ndio unaopika. Anayepika ni joto. Moshi ni kiungo, kama chumvi, na hakuna anayemwaga kilo ya chumvi sufuriani ili mchuzi unoge.

Angalia lugha yetu yenyewe inavyotenganisha. Tunachoma nyama juu ya makaa yanayowaka, karibu na moto, kwa muda mfupi. Tunabanika mbali na moto, polepole, joto na moshi vikipita juu ya nyama bila mwali kuigusa. Wewe ulitaka kubanika, lakini ulichofanya ni kuivumbika nyama ndani ya moshi uliokwama.

Unapotumia jiko la mkaa, unakijua kile kidirisha cha chini. Ukikifungua, makaa yanakuwa mekundu, ukikiziba, yanafifia. Jiko la moshi ni hicho hicho kidirisha, ila kimeongezewa dohani juu. Hewa inaingia chini, inalisha moto, inapata joto, inapanda, inapita kwenye nyama na kutoka juu. Inapotoka juu ndipo inapovuta hewa nyingine chini. Ukiziba juu, mvuto unakatika, moto unakosa pumzi, na kuni zinabaki kufuka bila kuwaka.

Kuni zinazofuka bila kuwaka hutoa moshi mweupe mzito, au wa kijivu unaowasha macho. Moshi huo umejaa matone madogo ya utomvu ambayo yangeungua kama yangepata hewa ya kutosha. Yanapokutana na nyama ya baridi yanaganda juu yake, kama umande unavyotua juu ya bati alfajiri. Huo ndio weusi ulioukuta, ndio uchungu, na ndiyo ganzi ya watoto. Moshi mzuri ni mwembamba, wa samawati hafifu, na wakati mwingine juani huuoni kabisa, unausikia kwa pua tu. Dohani ikitoa moshi mweupe mzito, usiweke nyama. Subiri.

Kuziloweka kuni kulizidisha tatizo. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na ndoo yako ya usiku kucha haikuingiza mengi zaidi ya ngozi ya juu. Lakini maji hayo yote lazima yachemke na kuondoka kabla kuni hazijawaka, na nguvu ya kuyachemsha inatoka kwenye moto wako ule ule uliokwisha kunyimwa hewa. Ndiyo maana karibu na mfupa kulibaki damu: saa nne zote moto ulikuwa unakausha kuni. Tumia kuni kavu, zilizokaa kivulini miezi kadhaa, zikigonganishwa zinalia kwa sauti kavu.

Na usitegemee kuni peke yake. Mwanzoni, moto uwe wa mkaa, na kuni ziwe vipande viwili au vitatu vya ukubwa wa ngumi vilivyofukiwa katikati ya mkaa. Mgunga una moshi mkali, kwa hiyo kipande kimoja kinatosha. Mimi kwa mbuzi napenda mwembe au mpera, moshi wake ni mpole na unasamehe makosa. Dodoma tuna bahati nyingine: mizabibu. Wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora hupogoa kila msimu na matawi hubaki shambani. Yale manene, makavu, yana harufu nzuri mno kwa kuku. Ila muulize mkulima amepulizia dawa gani na lini. Shina la zamani lililomenywa magome ni afadhali kuliko vijiti vichanga vilivyopuliziwa juzi. Mnyaa wa uzio usiuweke kabisa, maziwa yake ni makali kwa macho na ngozi, na moshi wake si wa kuvuta wala wa kula. Msindano una utomvu mwingi, mkaratusi unaacha ladha ya dawa ya kifua. Mbao zenye rangi, plaiwudi na mbao za paleti usizojua zilitibiwa kwa dawa gani, ziache.

Kuhusu ujenzi, nitakupa ushauri ambao huenda hukuutarajia: usijenge bado. Kama kuna jiko la kuchomea nyama, lile la nusu pipa, nyumbani au kwa jirani, tafuta kifuniko chake, sukuma mkaa wote upande mmoja, weka kuku upande wa pili, acha upenyo wa kutokea moshi juu ya kuku. Fanya hivyo Jumamosi tatu. Utajifunza kuongoza hewa bila kutumia shilingi, na utajua kama kazi hii ya kukaa na moto saa tano unaipenda kweli.

Ukishaipenda, una njia mbili za maana. Ya kwanza ni pipa lililosimama wima. Tafuta lililobeba chakula: mafuta ya kula, asali, juisi nzito. Mengi yana rangi ya ndani, ya dhahabu au nyekundu, na rangi hiyo lazima iungue yote. Jaza kuni, washa uwanjani mbali na nyumba, ukae upande ambao upepo hauleti moshi, liache liungue hadi chuma kibaki cha kijivu tupu, kisha lisugue kwa mchanga na brashi ya waya. Niliwahi kufanya haraka hapa. Niliacha kiraka cha rangi ukubwa wa kiganja karibu na kitako, nikajiambia moto utakimaliza. Kuku wanne walinuka rangi, tukawafukia. Kama rangi inagoma baada ya moto wa pili, tafuta pipa jingine.

Vipimo ninavyokushauri ni hivi. Matundu manne ya hewa yenye kipenyo cha sentimita 2.5, yazunguke pipa, sentimita 5 kutoka kitako. Juu ya kifuniko, bomba moja la chuma cheusi lenye kipenyo cha sentimita 5. Ukipiga hesabu utakuta eneo la mdomo wake linalingana sawasawa na la yale matundu manne yakijumlishwa, kwa hiyo kinachoingia kinaweza kutoka. Kila tundu la chini liwe na kibati kinachozunguka kwenye bolti ili ulifunge nusu au lote. Kikapu cha mkaa kisimame juu ya miguu, majivu yadondoke chini yake yasizibe hewa. Wavu wa nyama uwe sentimita 60 juu ya mkaa. Umbali huo ndio unaozuia mwali kulamba nyama na mafuta yanayodondoka kuripuka moto. Huo moto wa mafuta sitaki uuzoee, maana moshi wake huacha kwenye nyama kemikali zinazohusishwa na saratani. Mlango wa ubavuni kama ule aliokukatia fundi hauhitajiki. Kila mwanya usioweza kuufunga ni hewa usiyoitawala.

Njia ya pili ni matofali ya kuchoma na udongo wa kichuguu. Jenga kisanduku cha takriban mita moja kwenda juu, chini tundu la moto, katikati nondo, juu kifuniko cha chuma chenye dohani. Mimi binafsi nalipenda jiko hili zaidi, na kwa Dodoma lina faida ambayo pipa halina: upepo wa kiangazi unapovuma, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba, ukuta mnene hautikisiki kwa joto, wakati pipa jembamba linapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Halina rangi wala historia ya kuogopa. Lakini ukiwa mpangaji utaliacha kwa mwenye nyumba, linachukua saa moja na zaidi kupata moto, linakula mkaa zaidi, na lazima ulijengee paa kabla mvua za Desemba hazijaanza. Mawe ya korongoni usiyaweke karibu na moto, yenye maji ndani hupasuka kwa kishindo. Kama nyumba ni yako, jenga la matofali. Kama unapanga, chukua pipa, uliwekee kinga ya upepo.

Kuwasha ni hivi. Jaza kikapu mkaa ambao haujawaka, kilo nne hivi, fukia vipande vya kuni. Pembeni, washa vipande kumi au kumi na viwili vya mkaa hadi vipate majivu meupe, kisha viweke juu katikati. Moto utatambaa taratibu saa sita au zaidi. Usiwashe kwa mafuta ya taa wala nailoni, harufu yake itakaa kwenye nyama. Bomba la juu liwe wazi muda wote, narudia, muda wote. Joto unaliongoza kwa vibati vya chini tu. Unalotafuta ni nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi usawa wa wavu. Likifika 90 anza kufunga matundu, kwa sababu kulipandisha ni rahisi, kulishusha kunakula nusu saa. Na kila unapofunua kifuniko kuchungulia, hewa inaingia kwa kishindo na moto unaruka.

Nunua kipimajoto cha nyama kabla ya kununua kitu kingine chochote. Nyama ya moshi huwezi kuihukumu kwa macho. Moshi huacha rangi ya waridi chini ya ngozi hata nyama ikiwa imeiva kabisa, na weusi wa nje unaweza kuficha ubichi wa ndani, kama ulivyoona. Kuku afike nyuzi 74 kwenye sehemu nene ya paja, bila kugusa mfupa. Bega la mbuzi ni salama mapema zaidi, lakini ulaini unaoutaka hauji mpaka 88 au 90 na kitu, kwa sababu zile kano nyeupe zinazoshikilia misuli huyeyuka polepole kuwa rojo. Ng'ombe na mbuzi wetu wanatembea sana na hawana mafuta mengi, kwa hiyo maelekezo ya Wamarekani ya kubanika kidari saa kumi na mbili, yaliyoandikwa kwa ng'ombe aliyenona kwa nafaka, yatakupa kiatu. Bega la kilo mbili, chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa kila kilo, saa tatu kwenye moshi, kisha lifunge kwa foili na uliache kwa saa nyingine mbili au tatu. Kuku wa kienyeji aliyekomaa mchemshe kwanza, halafu mpe saa moja ya moshi.

Kuna kitu kitakutia wasiwasi, nikutahadharishe mapema. Nyama ikifika nyuzi 65 au 70 ndani, kipimajoto kitasimama. Nusu saa, saa moja, wakati mwingine zaidi, hakipandi. Watu hapo huongeza mkaa na kuharibu kila kitu. Moto wako haujafa. Nyama inatoa jasho, na jasho linaipoza, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kuvuja kidogo kidogo. Unajua mtungi unapoza vizuri zaidi Dodoma kuliko Dar es Salaam, kwa sababu hewa yetu ni kavu. Ukavu huo huo unanyonya maji ya nyama. Ndiyo maana nasema foili: ukiifunga, jasho linakoma, joto linapanda, na nyama haikauki. Bakuli la chuma lenye maji chini ya wavu nalo linasaidia.

Swali lako la friji linanitia hofu kuliko yote. Hapana, nyama hii haikai wiki. Nyama ngumu ya kukaushwa ya wazee, au samaki wa kubanika wanaotoka bwawa la Mtera wakiwa wakavu kama kuni, hudumu kwa sababu maji yametoka: vipande vyembamba, chumvi nyingi, siku kadhaa za moto na jua. Bega laini linaloachia mfupa lina maji tele ndani, na moshi umefika juu juu tu. Kwa bakteria hiyo ni nyama iliyopikwa kama nyingine yoyote. Isizidi saa mbili mezani, na siku joto likipita nyuzi 32, saa moja. Kwenye friji, siku tatu au nne. Usiifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ukaiacha kabatini. Bakteria wa sumu ya botulini hupenda hasa mahali pasipo na hewa. Ukibanika nguruwe, ununue aliyekaguliwa na kugongwa muhuri, umpikishe kabisa, kwa sababu moshi hauui mabuu ya tegu. Joto ndilo linaloyaua.

Jiko lolote la mkaa likae nje. Si barazani, si jikoni mlango ukiwa wazi, si ndani eti kwa sababu mvua imeanza. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata unapodhani umezima. Mtu akiumwa kichwa ghafla, akasikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoeni kwenye hewa safi na mumkimbize hospitali. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, chagua sehemu ambayo upepo hauelekei chumbani kwake.

Kuchomelea na kukata usijifundishe kwenye pipa hili. Tafuta fundi aliyepitia VETA, chuo cha ufundi stadi, au uende SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Dodoma na mchoro wako, uwaeleze vipimo nilivyokupa. Wazo la kuuza liache mpaka umepika mara kumi bila kosa. Ukifika hapo, nenda kwanza kwa afisa afya wa kata aje aone eneo lenyewe, atakueleza kuhusu upimaji wa afya kwa wanaoshika chakula na usajili wa TBS, shirika la viwango. Mshirikishe mapema. Kurekebisha jiko kwenye karatasi ni nafuu kuliko kulibomoa.

Ukipata pipa au ukimaliza matofali, washa mara mbili bila nyama, uandike joto kila baada ya nusu saa pamoja na matundu mangapi yalikuwa wazi na upepo ulitoka wapi. Niletee karatasi hiyo. Nikiiona nitajua kama tundu ni kubwa mno au bomba ni jembamba, na tutarekebisha kabla mbuzi mwingine hajachinjwa.